KWA NINI BREKI ZA PIKAPU HAZIPONI?

Wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi na wazazi pia, wamezoea kuliona somo la Fizikia likianzia ubaoni na kuishia ubaoni. Muhula huu nataka kulipeleka chini ya gari. Hapa Didia tunakaa kando ya barabara kuu itokayo Tinde kwenda Shinyanga mjini, na sidhani kama ipo nyumba isiyoitegemea pikapu kwa njia moja au nyingine. Pikapu hutoa mpunga majarubani na kuupeleka mashineni. Huchukua pamba na dengu, mabati na saruji, na huleta mahindi na maharage ya jikoni kwetu shuleni. Tena usiku mama mja mzito akishikwa na uchungu, mlango wa mwenye pikapu ndio unaogongwa. Chombo chenye kazi kubwa namna hii, ikiwa hakisimami pale dereva anapotaka kisimame, yatupasa tujue sababu.

Sisemi juu ya breki zinazokatika ghafula mara moja. Nasema juu ya breki zenye ugonjwa wa kurudi. Leo zimetengenezwa, juma lijalo zimelegea. Zikatengenezwa tena, zikalegea tena, na kila mara mwenye gari hutoa fedha. Mwishowe watu husema gari hilo lina mkosi. Mimi nasema lina sababu ambayo haijatafutwa, maana kubadili vyuma ni kazi moja na kutafuta sababu ni kazi nyingine.

Kwanza tuelewe breki zenyewe. Dereva anapokanyaga pedeli, mguu wake haufiki kwenye magurudumu. Kinachofika ni mafuta. Pedeli husukuma pistoni ndogo iliyo ndani ya masta silinda, pistoni husukuma mafuta yaliyojaa katika mabomba membamba, na mafuta husukuma pistoni nyingine zilizo magurudumuni. Huko mbele, pistoni hizo hubana pedi juu ya diski. Huko nyuma, katika pikapu zilizo nyingi, hutanua vile viatu ambavyo mafundi huviita brekshuu mpaka viguse dramu kwa ndani. Msingi wa jambo hili ni kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662. Alisema kwamba ukikisukuma kitu cha majimaji kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo huo huenea sawasawa pande zote. Ilipita miaka mingi kabla ya kanuni hiyo kuingia katika motokaa. Mmarekani Malcolm Loughead ndiye aliyepata hati ya breki zake za mafuta mwaka 1917, na mwaka 1921 motokaa za Duesenberg zikatoka zikiwa na breki za mafuta katika magurudumu yote 4.

Sasa tufanye hesabu. Shika nguvu ya mguu kuwa nyutoni 200, yaani karibu sawa na uzito wa kilo 20. Pedeli ni wenzo. Tuseme huizidisha nguvu mara 4, basi masta hupata nyutoni 800. Ikiwa pistoni ya masta ina kipenyo cha sentimita 2, eneo lake ni karibu sentimita 3.14 za mraba, na kila sentimita ya mraba ya mafuta hupata msukumo wa nyutoni 255 hivi. Mafuta hayo yakifika kwenye pistoni ya gurudumu la mbele yenye kipenyo cha sentimita 5, eneo ni sentimita 19.6 za mraba, na nguvu inayobana pedi ni nyutoni 5,000. Huo ni uzito wa nusu tani, umetoka katika mguu wa mtu mmoja! Hapo sijaihesabu busta, ambayo humsaidia dereva zaidi.

Walakini hapana kitu cha bure. Nguvu imezidi, mwendo umepungua. Pistoni ya gurudumuni husogea kidogo sana kuliko ile ya masta, na masta husogea kidogo kuliko pedeli. Kwa hiyo nafasi aliyo nayo dereva chini ya mguu wake ni mali ya thamani, na kila kitu kinachoila nafasi hiyo ni mwizi.

Mwizi mkubwa ni upepo. Mafuta hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Jambo hili wanafunzi wa Kidato cha Tatu wamelisoma katika kanuni ya Boyle ya mwaka 1662. Chukua povu moja la hewa lenye ukubwa wa sentimita 1 ya ujazo, kama punje ya harage kubwa, limejificha katika bomba la breki. Msukumo wa hewa ya kawaida ni karibu nyutoni 10 kwa kila sentimita ya mraba. Dereva akikanyaga kwa kadiri ile tuliyoihesabu, msukumo unakuwa nyutoni 265, yaani zaidi ya mara 26. Povu litanywea mpaka kuwa chembe ndogo. Kabla halijanywea, masta itakuwa imetumia karibu sentimita 1 ya ujazo ya mafuta bila kazi yo yote, na pistoni yake itakuwa imesogea milimita 3. Pale kwenye pedeli ni mara 4, yaani sentimita 1.2. Mapovu matatu kama hayo yatakula sentimita 3 na nusu, na mguu wa dereva utakuwa unaelekea sakafuni huku gari likiendelea na safari yake.

Mwizi wa pili ni moto, naye ni mjanja zaidi, kwa sababu fundi akija hamkuti. Breki haziuondoi mwendo wa gari. Huugeuza kuwa joto. Pikapu ya kilo 1,500 iliyobeba mzigo wa kilo 1,000, ikienda kilometa 80 kwa saa, ina nishati ipatayo jouli 617,000. Ikienda kilometa 40 kwa saa ina robo tu ya hiyo, si nusu, nanyi mwajua kwa nini. Pikapu hiyo hiyo ikiteremka mlima wenye kimo cha meta 200 kwa mwendo ule ule bila kuzidi, joto lote litakalotoka ni karibu jouli milioni 4.9. Joto hilo latosha kuchemsha lita 15 za maji yaliyokuwa baridi. Wale waendao Singida na kurudi waujua mteremko wa Sekenke. Na waufikirie mara nyingine kama sufuria ya lita 15 iliyowekwa magurudumuni.

Sehemu ya joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki. Mafuta yaliyoandikwa DOT 3 kwenye chupa hayaruhusiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 yakiwa mapya. DOT 4 ni nyuzi 230. Lakini mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu kutoka hewani, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Yakiisha kunywa maji kiasi cha sehemu 3.7 kwa mia, DOT 3 yaweza kuchemka kwenye nyuzi 140, na DOT 4 kwenye nyuzi 155. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Pedeli inazama. Dereva anatetemeka, anasimama kwa handbreki na kwa rehema ya Mungu, anakaa chini ya mwembe saa moja akimngoja fundi. Fundi anapofika, mvuke umekwisha poa na kuwa mafuta tena, pedeli imepanda, breki nzuri. Fundi humtazama dereva kama mtu mwongo.

Kwa sababu hiyo chupa ya mafuta ya breki iliyofunguliwa zamani na kuwekwa rafuni si akiba, hasa ikiwa imepitiwa na masika. Na mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika kikombe cha masta, hata tone. Raba za breki huvimba kwa mafuta ya namna hiyo, pistoni zikakwama, na gari likaanza kujishika lenyewe njiani. Likifikia hapo, kuyamwaga mafuta mabaya hakutoshi. Raba zote hubadilishwa na mabomba huoshwa.

Nimekwisha kueleza kanuni. Sasa nitasimulia habari ya pikapu moja ya hapa kwetu, ya mzee ambaye mtoto wake anasoma katika shule hii. Ni pikapu ya aina ya Toyota Hilux yenye miaka mingi. Kwa muda wa miezi mitatu breki zake zilikuwa zikirudia ugonjwa. Fundi wa kwanza akatia pedi mpya za mbele. Breki zikawa nzuri kwa muda wa juma moja. Fundi wa pili akabadili masta silinda. Zikawa nzuri kwa siku chache. Wa tatu akatoa upepo katika magurudumu yote na kujaza mafuta, zikapona tena, zikaugua tena. Wa nne akasema dawa ni busta mpya. Bei ya busta ilimkatisha mzee tamaa. Siku moja alinijia baada ya vipindi akanieleza kwamba amepata mnunuzi kutoka Kahama, na kwamba ameazimia kumwuzia gari bila kumtajia habari ya breki.

Sikupenda maneno hayo, na nilimwambia hivyo kwa heshima. Nikamwuliza, "Mzee, kabla hujauza, waweza kuniazima gari na mzigo wa magunia 10 kwa alasiri moja?" Akacheka, akakubali.

Kabla ya kugusa spana nilimtaka anieleze dalili. Alisema mambo matatu. La kwanza, asubuhi pedeli huwa juu na ngumu, lakini baada ya mwendo wa nusu saa na mzigo huanza kuzama. La pili, pedi za mbele huisha upesi mno. La tatu, gari likiwa tupu husimama vizuri, likiwa na mzigo halisimami. Niliwapa wanafunzi 6 wa Kidato cha Tatu dalili hizo waende nazo bwenini wafikiri usiku. Nawe msomaji, pumzika kidogo ufikiri kabla hujaendelea, maana dalili ya mvua ni mawingu.

Kesho yake tukaenda kwenye njia tambarare isiyo na watu, mbali na barabara kuu. Mzee mwenyewe aliendesha, na wanafunzi walisimama kando. Alikwenda mwendo wa kilometa 40 kwa saa na kusimama, akarudia mara 10. Kisha tukaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, mwanafunzi mmoja akadondosha matone machache ya maji juu ya diski ya mbele. Yakalia "chwaa!" yakatoweka. Akadondosha mengine juu ya dramu ya nyuma. Yakateremka taratibu kama juu ya mtungi, yakadondoka mavumbini. Wanafunzi walitazamana. Breki za nyuma hazikuwa zikifanya kazi hata kidogo. Za mbele zilikuwa zikifanya kazi ya magurudumu yote 4.

Hapo dalili zote tatu zikashikana. Pikapu tupu ina uzito mwingi mbele, kwa hiyo breki za mbele peke yake zaweza kuisimamisha. Ukitia gunia 10 nyuma, sehemu kubwa ya uzito huhamia magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakipumzika. Pedi za mbele zinaisha kwa sababu zimetwishwa kazi ya wenzao. Zinapata moto, mafuta yanachemka, pedeli inazama. Na kila fundi alionekana amefaulu kwa muda, kwa sababu kila mmoja alileta kitu kipya kilichoweza kuvumilia siku chache. Pedi mpya ni nene, na mafuta mapya huchelewa kuchemka. Siwalaumu, mwenye gari aliwaambia watengeneze breki za mbele, nao wakatengeneza za mbele.

Lakini kwa nini za nyuma zililala? Msichana mmoja aliyekuwa ameinama akitazama chini ya gari ndiye aliyeuliza swali lililotufaa: "Mwalimu, chuma hiki chembamba kinachotoka kwenye chasisi na kushikana na ekseli, kazi yake nini?"

Kile chuma ni mkono wa vali ya kupima mzigo. Pikapu nyingi zinayo, na ajabu ni kwamba madereva wengi hawajapata kuiona. Vali yenyewe imefungwa kwenye chasisi, na bomba la mafuta ya breki za nyuma hupita ndani yake. Gari likipakiwa mzigo, springi hulala, chasisi huikaribia ekseli, mkono huisukuma vali, na mafuta hupita kwa nguvu kwenda nyuma. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, na vali hupunguza msukumo unaokwenda nyuma. Waliobuni chombo hiki walikuwa na sababu njema. Gurudumu la nyuma lisilo na uzito likishikwa sana hukwama na kuteleza, na gurudumu linaloteleza halina tena nguvu ya kuzuia gari lisiende upande. Mkia wa gari hutaka kutangulia mbele. Aliyepata kupita kwenye udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua ameiona hali hiyo bila kufundishwa.

Basi, mzee alikuwa ameongeza springi. Mwaka uliotangulia, katika msimu wa mavuno, aliongeza vyuma viwili kila upande ili gari libebe magunia 18. Nyuma ya gari ikainuka. Tulipopima kwa rula nafasi iliyo kati ya chasisi na ekseli, kwanza gari likiwa tupu na halafu likiwa na magunia 10, tofauti haikufika hata upana wa vidole viwili. Vali haikuweza kujua kwamba pana tani moja juu yake. Kwake yeye gari lilikuwa tupu siku zote, na kwa uaminifu wake wote iliendelea kuzinyima breki za nyuma mafuta. Gari lililoongezewa nguvu ya kubeba lilikuwa limepunguziwa nguvu ya kusimama. Tena kwa kuwa brekshuu hazikusogea vya kutosha, kile chombo kinachozikaza zenyewe kilikuwa kimeshikwa na kutu, zikakaa mbali na dramu, na mwendo wa pedeli ukaliwa hapo pia.

Kulikuwa na jambo la pili. Vali hiyo ina nipo yake ya kutolea upepo, na ile nipo ilikuwa imefunikwa na udongo mgumu, haijafunguliwa pengine tangu gari litoke kiwandani. Waliotoa upepo magurudumuni waliuacha ule uliokaa humo. Wanafunzi wakumbuke kwamba hewa hupanda juu. Ndiyo maana nipo huwekwa sehemu ya juu ya silinda. Nimepata kusikia habari ya gari lililotolewa upepo siku nzima bila mafanikio, kumbe kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia, nipo zikaangalia chini.

Tulimwita fundi mmoja wa jirani, mtu msikivu, tukamwonyesha tuliyoyaona, naye akafanya kazi kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu na wanafunzi hawana ruhusa ya kufungua breki za gari la mtu na kulirudisha barabarani. Alitoa vyuma vilivyoongezwa. Aliurudisha mkono wa vali mahali pake na kuutengeneza kwa kipimo cha gari hilo. Alifungua dramu, akalainisha vikazio, akazikaza brekshuu mpaka ziliposugua kidogo, akazilegeza kidogo. Alitia mafuta ya chupa mpya iliyofunguliwa mbele yetu, akatoa upepo akianza na gurudumu la mbali zaidi na masta, asiisahau vali. Fedha zote alizotumia mzee siku hiyo hazikufika nusu ya bei ya busta.

Tuliporudia jaribio la matone, dramu za nyuma nazo zililia. Muhula wote umepita, na pedi za mbele bado ni nene.

Wapo watakaosema kwamba palikuwa na njia ya mkato, nayo ni kufunga mkono wa vali kwa waya ukae juu siku zote, au kuikwepa vali kabisa kwa bomba moja kwa moja. Nimeona magari yaliyofanywa hivyo. Gari lenye mzigo litasimama vizuri, ni kweli. Lakini mzigo ukishushwa na gari likirudi tupu wakati wa mvua, dereva akikanyaga kwa hofu kwa sababu ya mbuzi au mtoto, magurudumu ya nyuma yatakwama kwanza na gari litageuka limwangalie alikotoka. Sipendi hata kidogo njia ya mkato inayomngoja mtu siku ya mvua.

Mzee naye ana manung'uniko yake, na ni haki niyaandike. Sasa hubeba magunia 10 badala ya 18, hivyo kazi ya safari moja imekuwa safari mbili, na dizeli haitolewi bure. Nilimjibu kwa hesabu: magunia 18 ya kilo mia mia ni kilo 1,800 juu ya gari lililotengenezwa kwa mzigo wa tani moja hivi, tena na watu wamekaa juu ya magunia. Hakunijibu, wala sikumshinda, kwa kuwa ada ya shule hailipwi kwa Fizikia. Lakini gari hakuliuza. Yule mnunuzi wa Kahama alipewa habari zote, akasema atatafuta jingine.

Si kila pikapu ina ugonjwa huu. Kwa wazazi wenye magari, nitaeleza majaribio machache ambayo dereva aweza kuyafanya mwenyewe kabla ya kununua cho chote. Zima mashine, kanyaga mara 5 au 6 ili busta iishiwe na nguvu, kisha shikilia pedeli kwa mguu thabiti. Ikizama polepole na hapana mafuta yanayovuja nje, raba za masta zinapitisha ndani. Ikiwa pedeli iko chini lakini ukikanyaga mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu kama jiwe, aghalabu brekshuu ziko mbali na dramu. Ikipanda lakini inabonyea kama mpira, pana upepo. Sasa shikilia tena pedeli na uwashe mashine. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima, usidanganywe kuinunua. Isiposhuka, yapasa kutazama bomba la busta kwanza, na katika magari ya dizeli ile pampu ya kunyonya hewa, ambayo katika Hilux nyingi za zamani imefungwa nyuma ya jenereta. Gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine ingawa hukukanyaga breki, huenda pistoni imekwama, au mpira wa bomba umevimba kwa ndani ukaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi.

Kutokana na jambo hili la busta, madereva wenye desturi ya kuzima mashine kwenye mteremko ili kuokoa dizeli na waiache leo. Mashine ikizimwa, busta ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo ni mguu peke yake. Mteremko hushukwa kwa gea ndogo, mashine ikiwa inazuia gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi, zisilaliwe. Na aliyevuka maji na akanyage breki kidogo kidogo mara kadhaa akiwa katika mwendo wa polepole, ili dramu zikauke kabla hajazihitaji.

Neno moja kwa wanafunzi wanaopenda kukaa gereji wakati wa likizo: vumbi la dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Brekshuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto likiingia mapafuni huleta ugonjwa unaojitokeza baada ya miaka mingi. Loweka kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe.

Yafuatayo ni maswali kwa Kidato cha Tatu na cha Nne. Wazazi nao wakipenda wajaribu.

1. Fundi ameitoa masta yenye kipenyo cha sentimita 2 na kutia yenye sentimita 2.5, akisema kubwa ndiyo yenye nguvu. Nguvu ya mguu ni ile ile. Msukumo wa mafuta umekuwa nyutoni ngapi kwa kila sentimita ya mraba? Povu la sentimita 1 ya ujazo litakula kiasi gani cha mwendo wa pedeli?

2. Pikapu yenye kilo 2,400 pamoja na mzigo imeteremka kimo cha meta 150 bila kuzidi mwendo, breki zikifanya kazi yote. Joto hilo lingechemsha lita ngapi za maji yaliyoanza na nyuzi 25?

3. Mwenye pikapu ameongeza springi, na vali yake ya kupima mzigo imebaki kama ilivyokuwa. Chora mchoro wa chasisi, ekseli na mkono wa vali, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Majibu yaletwe katika chumba cha walimu wa Fizikia kabla ya siku ya kufunga shule, yakiwa na jina na kidato. Mchoro ulio safi utabandikwa ubaoni.